Ini, manjano na maji ya tumbo: kuyatenganisha magonjwa tunayoyaita kwa jina moja

Ami yangu aliishi si mbali na Wete, na maisha yake yote alikula kwenye sinia moja na wajukuu zake. Siku aliyorudi hospitali na karatasi inayosema kwamba ana homa ya ini aina ya B, alitengewa kikombe cha bati, sahani na kijiko, vikawekwa peke yao kwenye dirisha la jikoni, na tangu jioni ile akawa anapakuliwa chakula chake mbali, karibu na mlango. Binti yake aliyefanya hivyo hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa amesikia redioni kwamba homa ya ini huenea kwa chakula na maji yaliyochafuliwa, akajaribu kuwalinda watoto. Alichokisikia kilikuwa kweli, ila kilihusu ugonjwa mwengine, ambao haukuwa na undugu na ule wa baba yake isipokuwa kwamba yote mawili hushambulia kiungo kimoja.

Nimeona mkanganyiko huu katika nyumba nyingi, Unguja na Pemba, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya madhara ya magonjwa ya ini kwetu huanzia kwenye majina. Tunasema "manjano" kana kwamba ni ugonjwa, ilhali manjano ya macho ni dalili inayoweza kuletwa na mambo kadhaa, yakiwemo malaria kali, selimundu na kijiwe kilichoziba mfereji wa nyongo. Tunasema "homa ya manjano", na hilo ni jina la ugonjwa maalumu unaoenezwa na mbu, ambao wasafiri huchanjwa dhidi yake na kupewa kadi. Wazee wetu walikuwa na neno "safura", lenye asili ya Kiarabu na maana ya unjano, lakini watu wengi wamelitumia kwa mtu aliyepauka kwa kupungukiwa damu, hasa kwa sababu ya minyoo ya safura. Kisha lipo "bandama", ambalo hutajwa kila tumbo linapovimba upande wowote ule, ingawa bandama liko kushoto na ini liko kulia. Mgonjwa akilipata jina lisilo lake, hupata na dawa isiyo yake, na mara nyingi hupoteza miaka.

Ini lenyewe ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili. La mtu mzima hukaribia kilo moja na nusu, nalo limejificha chini ya mbavu za kulia. Damu yote inayotoka matumboni ikiwa imebeba chakula kilichosagwa hupita kwanza ndani yake kabla ya kusambaa mwilini. Hapo sukari huwekwa akiba, sumu hupunguzwa makali, nyongo ya kuyeyusha mafuta hutengenezwa, na hutengenezwa pia protini ambazo bila ya hizo damu haigandi mtu anapojikata na maji hayatulii ndani ya mishipa. Sifa mbili za ini zinaeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Ya kwanza ni kwamba linaweza kuota upya likikatwa au likijeruhiwa. Ya pili ni kwamba nyama yake haina hisia ya maumivu. Kinachouma ni utando unaolifunika, tena pale tu ini linapovimba na kuuvuta. Kwa hiyo ini linaweza kuliwa kwa miaka ishirini bila ya mwenyewe kuhisi chochote, kwa sababu sehemu iliyobaki nzima inaendelea kufanya kazi ya sehemu iliyokufa.

Virusi vinavyoitwa vya homa ya ini ni vitano, navyo vimepewa herufi A, B, C, D na E, ingawa havitokani na ukoo mmoja. A na E huingia kwa kinywa, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Mtu hupata homa, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai ya rangi na macho ya manjano, kisha kwa kawaida hupona mwenyewe ndani ya wiki au miezi michache na virusi vikamtoka. Tiba yake ni mapumziko, maji na chakula cha kutosha. Mwenye kuhitaji tahadhari ya pekee ni mama mjamzito, kwani aina ya E inaweza kumuua, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ni hizi mbili, A na E, ndizo alizokuwa akizisikia binti wa ami yangu.

Aina ya B ni jambo jengine kabisa. Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani, alikitambua kipande cha kirusi chake katika miaka ya 1960 ndani ya damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, na mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel. Kirusi hiki huenea kwa damu na majimaji mengine ya mwili: kwa kujamiiana, kwa wembe na sindano, na zaidi ya yote kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya utoto. Hakienezwi kwa kupeana mkono, kukohoa, kukumbatiana wala kula sinia moja. Lakini kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba, kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni, na hapo ndipo penye hatari ambayo sisi tumeizoea mno. Wembe mmoja wa kuchanjia chale kwa watu wawili, kisu cha kupigia chuku kilichofutwa kwa kitambaa tu, mashine ya kinyozi, mswaki wa kuazimana, yote haya yana uzito kuliko kikombe cha bati. Sisemi watu waache chuku wala hijama. Nasema kila mtu awe na wembe wake mpya, ufunguliwe mbele ya macho yake na utupwe baada ya kutumika.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua hatima ya mtu. Mtu mzima akipata B, zaidi ya asilimia 95 ya wenye umri wake hukifukuza kirusi wenyewe na hubaki na kinga. Mtoto mchanga mambo yake huwa kinyume: wapatao tisa katika kila kumi hubaki nacho maisha yote, kwa sababu kinga ya mwili wake bado haijajifunza kumtambua adui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na wengi wao hawajui. Ami yangu aligundulika akiwa amevuka miaka hamsini. Yumkini alizaliwa nayo, au aliipata kabla hajapelekwa chuo cha Kurani.

Kwa hiyo kinga yenye nguvu ni chanjo ya utotoni. Watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya Penta wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na Shirika la Afya Duniani linahimiza dozi nyengine itangulie ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, ili imwahi mtoto kabla ya kirusi alichokipata kwa mama. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, jambo linalomaanisha kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Mjamzito mwenye B anaweza kupewa vidonge katika miezi ya mwisho ya mimba ili kupunguza wingi wa virusi, naye anaruhusiwa kumnyonyesha mwanawe.

Ama kuhusu tiba ya aliyekwisha kuambukizwa, hapa pana maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kupona na kudhibitiwa. Vidonge vya tenofoviri au entekaviri, kimoja kwa siku, huzuia kirusi kuzaana, hutuliza uvimbe wa ini, na baada ya miaka kadhaa kovu lenyewe linaweza kupungua. Havikiondoi kirusi, kwa kuwa kirusi cha B huacha nakala yake ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo dawa haipafikii. Ndiyo maana dawa hii kwa kawaida ni ya maisha, na mwenye kuiacha ghafla kwa sababu anajiona mzima anaweza kurudiwa na ugonjwa kwa kishindo hadi ini likashindwa kazi. Si kila mwenye kirusi huanzishwa dawa siku hiyo hiyo. Daktari hutazama wingi wa virusi katika damu, vimeng'enya vya ini, kiasi cha kovu na umri wa mgonjwa. Lakini asiyeanzishiwa dawa bado ni mgonjwa wa kufuatiliwa, na neno "huna haja ya dawa kwa sasa" limewapoteza wengi waliolisikia kama "umepona".

Kuna jambo linaloniuma kulisema, ila ni lazima lisemwe. Tenofoviri ni moja kati ya dawa zinazotumika pia kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kichupa chake watu wanakijua kwa macho. Nimemfahamu mwanamke aliyekuwa akivihamishia vidonge vyake ndani ya mkebe wa biskuti, halafu akaacha kabisa kuvimeza baada ya wifi yake kuvikuta. Kila mwenye kutoa dawa hii angechukua dakika tano kumweleza mgonjwa, na ndugu atakayemleta yeye mwenyewe, kwamba dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili tofauti, angekuwa ameokoa ini zima.

Aina ya C, iliyotambuliwa mwaka 1989, huenea zaidi kwa damu na haina chanjo, lakini ndiyo yenye habari njema. Vidonge kama sofosibuviri pamoja na daklatasiviri, vikimezwa kila siku kwa wiki 12, humponya kabisa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Hapa Zanzibar kundi lililo katika hatari kubwa ya C ni vijana wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano za kushirikiana. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumeza inayochukua nafasi ya heroini, iliyofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015 huwaondoa kwenye sindano, na kwa njia hiyo huwalinda na C vilevile. Aina ya D, nayo, humpata mwenye B tu na kuuharakisha ugonjwa wake. Anayejikinga na B amejikinga na zote mbili.

Si kila ini linaloharibika limeharibiwa na virusi. Pombe ni sababu inayojulikana sana, na kwa kuwa inajulikana sana imekuwa kama hukumu: katika jamii yetu ya Kiislamu, mtu akisikia jirani ana ugonjwa wa ini humdhania kwamba alikuwa akinywa kwa siri. Ami yangu hakuwahi kuonja, na aibu ile ilimchelewesha kwenda hospitali kuliko hata maumivu. Ipo pia sababu inayoongezeka mijini nayo ni mafuta kurundikana ndani ya ini kwa wenye unene na kisukari, ambao ini lao huwa na makovu yale yale ya mlevi bila ya tone la pombe. Parasetamoli nayo, ambayo ni salama kwa kipimo, huua seli za ini ikizidishwa. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa siku nzima, na mwenye ini lililosinyaa hupewa nusu ya hapo.

Na kuna sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa wingi huua kwa siku chache, kama ilivyotokea mashariki ya Kenya mwaka 2004, walipofariki watu 125, na tena Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na kwa mtu mwenye B hatari hizo mbili huzidishana. Mkulima wa Pemba anajua vizuri kwamba karafuu ikinyeshewa jamvini kabla haijakauka huvunda, na huamka usiku wa manane kuikusanya wingu likitanda. Unga na karanga vinavyovuka bahari kutoka Bara vinastahili jicho hilo hilo.

Kuhusu kichocho, ambacho wengi hukitaja katika habari ya ini, inafaa kufafanua. Kichocho kilichopo visiwani kwetu, ambacho wanafunzi wa skuli wamekuwa wakigaiwa prazikwanteli dhidi yake na ambacho Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, Chake Chake, imekifanyia kazi kwa miaka mingi, ni kile cha mkojo, na madhara yake makubwa yako kwenye kibofu na figo. Kichocho kinacholiumiza ini ni cha matumbo, kinachopatikana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria. Aliyeishi huko kwa miaka, kisha akatapika damu, amwambie daktari alikokuwa akiishi.

Sababu ziwe zipi, njia zote zikiachwa huelekea pahala pamoja: makovu huchukua nafasi ya nyama, ini husinyaa na kuwa gumu lenye vinundu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Damu itokayo matumboni hukuta mlango umefungwa, ikarudi nyuma na kutafuta vichochoro. Hapo ndipo dalili ambazo sisi tunaziona kuwa ni mwanzo wa ugonjwa hutokea, ilhali ni karibu na mwisho wake.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda siku ami yangu alipotolewa maji ya tumbo. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa imenyooka ikang'aa kama ngoma iliyowambwa, kitovu kimetokeza nje, na miguu yake ukiibonyeza inaacha shimo la kidole. Mikono ilikuwa imekonda, pete yake ya fedha alikuwa ameifunga uzi ili isimvuke. Daktari aliweka dawa ya ganzi upande wa kushoto chini ya kitovu, akaingiza sindano yenye mrija, na maji yakaanza kuteremka kwenye chupa, meupe yenye umanjano kidogo, kama chai nyepesi isiyotiwa maziwa. Yalipofika lita nne ami alivuta pumzi ndefu na kusema, "Leo nitalala chali." Wakati huo alikuwa amekwisha kutumia miezi mitano kwa waganga wawili, kwa kuwa tumbo lile lilidhaniwa kuwa limetupiwa.

Kutoa maji humpumzisha mgonjwa, na sehemu ya maji hupelekwa maabara kuona kama yameingiwa na maambukizi, ambayo huua haraka na hutibika kwa antibiotiki. Yakitolewa mengi, zaidi ya lita 5, mgonjwa hutakiwa kuongezewa albumini, protini ya damu, mshipani. Ila tiba ya kila siku ni dawa za kukojoza, spironolaktoni na furosemidi, pamoja na kupunguza chumvi. Hili la chumvi ndilo gumu kwetu, kwa sababu ng'onda na papa mkavu vimejaa chumvi hadi ndani. Samaki mbichi anaruhusiwa, tena anahitajika. Dhana kwamba mgonjwa wa ini aache samaki, nyama na maharage humkondesha misuli bila ya faida. Na asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, kwani huziumiza figo na kuchokoza kutoka damu. Watu wengi huikimbia parasetamoli wakaangukia kwenye hizi.

Kutapika damu hutokana na mishipa iliyovimba kwenye umio, na ni dharura isiyosubiri asubuhi. Daktari huteremsha kamera ndogo kwa njia ya mdomo na kuifunga mishipa kwa vipete vya mpira, na baadaye propranololi au karvediloli hupunguza msukumo usirudie. Kuna na kuchanganyikiwa: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anasahau majina, mikono inapigapiga akiinyoosha mbele. Watu husema amepandwa na mashetani. Kinachompanda ni amonia ambayo ini limeshindwa kuiondoa, na dawa yake ya kwanza ni laktulosi, sharubati tamu inayomfanya aende choo mara mbili au tatu kwa siku ili sumu itoke. Kufunga choo, maambukizi na dawa za usingizi ndivyo vichocheo vyake vikubwa.

Mwenye sirosisi anatakiwa apigwe ultrasaundi kila baada ya miezi sita, kwa sababu saratani ya ini ikikutwa ndogo hukatwa au huunguzwa kwa sindano ya joto, na ikikutwa kubwa dawa huweza kurefusha maisha tu. Mwenye B anaweza kupata saratani hata kabla ini halijasinyaa, kwa hiyo baadhi yao nao huwekwa kwenye ratiba hiyo.

Kupandikiza ini jipya ndiyo tiba inayoondoa ini bovu na saratani ndogo kwa pamoja. Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza huko Denver mwaka 1963 na mgonjwa akafariki. Mwaka 1967 ndipo alipofanikiwa. Siku hizi ndugu mzima anaweza kutoa zaidi ya nusu ya ini lake, na lililobaki kwake likakua tena ndani ya miezi michache. Wagonjwa wa Tanzania wanaohitaji tiba hii kwa kawaida husafiri nje, wengi wao India, na gharama yake iko juu mno kwa familia za kawaida. Aliyepandikizwa humeza dawa za kutuliza kinga ya mwili maisha yake yote, na mwenye B huendelea na tenofoviri au entekaviri, kwani kirusi hungojea ini jipya.

Ami hakuhitaji kufika huko. Aliendelea na tenofoviri, akaacha papa, na baada ya mwaka maji yakawa hayarudi, jambo ambalo hutokea kwa baadhi ya wagonjwa hata ini likiwa limeshasinyaa. Mwezi wa Ramadhani wa mwanzo alitaka kufunga. Daktari akamkataza, kwa sababu mtu wa hali yake akikaa na njaa mchana kutwa mwili hula misuli yake, naye akatoa fidia. Binti yake alimpeleka mama yake, ndugu zake wanne na watoto wake kupimwa kwa tone la damu la kidoleni. Wawili walikutwa na kirusi, wote wakiwa hawana dalili yoyote, na wanafuatiliwa. Waliokutwa salama na hawana kinga walianzishiwa chanjo ya watu wazima, sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya baada ya miezi sita.